Kaa Chini, Funga Mkanda

Nyumbani kwetu Kangemi kuna kitabu kimoja kikubwa, karatasi zake za kung'aa, ambacho hakuna mtu anaruhusiwa kukiwekea kikombe juu. Ni kitabu cha mwaka cha shule moja ya watoto wa wageni hapa Nairobi. Mathe alipewa na mwalimu aliyekuwa anahama nchi mwaka 2011. Ukikifungua unaanza na wanafunzi: kila mtoto ana picha yake, jina lake na bendera ya kwao. Halafu walimu, majina yao na masomo wanayofundisha. Ukurasa wa mwisho una picha moja tu ya watu kama arobaini wamepangwa kwenye ngazi. Hao ni madereva, wapishi, askari wa geti, watu wa maua, watu wa usafi, na maanti wa basi. Majina hakuna. Mathe yuko mstari wa tatu upande wa kushoto, kitambaa kichwani, anamchekea mtu ambaye kamera haikumpata.

Alifanya kazi kwenye basi la shule hiyo kuanzia 2003 hadi 2020. Shule yenyewe sitaitaja, na si mojawapo ya zile nitakazozitaja hapa kwa majina. Nimekaa na picha hiyo miaka mingi, nikiiangalia kila nikienda nyumbani, na swali limekuwa lile lile: shule ya aina hii ilifikaje huku kwetu, na ndani yake nani alikuwa anamfundisha nani?

Mwaka 2003 ndio nilianza darasa la kwanza. Unakumbuka, au umesimuliwa: Kibaki ameingia, elimu ya msingi ni bure, kila mzazi ameamka na mtoto mkononi. Darasani kwetu tulikuwa tisini na kitu. Dawati la watu wawili lilikalia wanne, na wa tano alikalia mkoba wake. Mathe alikuwa anaamka saa kumi usiku, anapika chai, anatuachia kwenye thamosi, halafu anashuka bondeni kwa miguu na kupanda upande wa pili, Loresho, ambako dereva alikuwa anamchukua. Ukitoka Kangemi kwenda Loresho unavuka mto mmoja mdogo. Mto wenyewe si kitu, unauruka. Lakini ukifika ng'ambo hata kelele zinabadilika. Unaanza kusikia ndege.

Jioni alirudi na stori. Mtoto wa Korea ametapika kwenye viti vya nyuma. Mtoto wa Ghana amekataa kushuka kwa sababu amesahau zawadi ya mwalimu. Mapacha wa Denmark wamepigana. Sisi tulikuwa tunawajua watoto hao kuliko watoto wa ploti ya pili. Nao walimpa jina: Mama Basi. Nilikuwa na wivu, sitadanganya. Huyo alikuwa mathe wangu, na asubuhi nzima alikuwa mama wa basi la watu.

Januari 2009 walimu wa shule za umma waligoma. Nilikuwa darasa la saba, nyumbani hakuna wa kunishika, na mathe akaongea na dereva. Siku moja nilipanda basi lile, nikafichwa kiti cha nyuma kabisa. Vituo vya kwanza nilikuwa naangalia tu: mageti yanafunguka, mayaya wanaleta watoto, mikoba mikubwa kuliko mgongo. Halafu nikaanza kusikia. Mathe hakuwa anaongea Kiingereza nao. Alikuwa anasema kama anavyosema na sisi. Kaa chini. Funga mkanda. Ngoja mwenzako. Wacha kusukuma. Haya, shuka, pole pole. Na watoto wa mabalozi na wa mashirika, nywele rangi zote, wanakaa, wanafunga, wanangoja. Kuna kajamaa kamoja kama ka miaka saba kaligeuka kwa mwenzake aliyekuwa anaruka kwenye kiti, kakanyoosha kidole, kakasema: "Wewe! Kaa chini, funga mkanda!" Sauti ilikuwa ya mathe. Si lafudhi ya mzungu anayejaribu Kiswahili. Ilikuwa lafudhi ya mama wa Vihiga aliyeishi Kangemi.

Nimeifikiria sauti hiyo sana nilipoanza kusoma historia ya shule hizi. Nianze na ile ya zamani zaidi ninayoijua.

Ukipanda mat kwenye Waiyaki Way, ukapita Limuru, ukaenda mpaka pale barabara inapokaribia ukingo wa Bonde la Ufa, chini yako kidogo kuna Kijabe. Hapo ndipo wamishonari wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Charles Hurlburt kutoka Marekani, walianzisha Rift Valley Academy mwaka 1906. Shida yao ilikuwa ya kawaida: wazazi wametawanyika kwenye vituo vya misheni, mtoto akifika umri wa shule anapelekwa kwa meli hadi Marekani, mnaonana baada ya miaka. Wakaamua kuileta Marekani huku. Tarehe 4 Agosti 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka urais mwezi Machi mwaka huo na kuja huku kuwinda pamoja na mwanawe, alisimama Kijabe akaweka jiwe la msingi la jengo linaloitwa Kiambogo. Jina ni la Kikikuyu, mahali pa mbogo. Jengo bado lipo. Mbogo, waulize Roosevelt na wenzake.

Ilikuwa shule ya bweni iliyofuata masomo ya Kimarekani, ili mtoto akirudi kwao aingie darasani kama aliyekuwa likizo. Shika neno hilo, akirudi. Shule nyingine zote nitakazozitaja zinaeleweka ukilikumbuka. Shule ya kawaida inajengwa ili mtoto aweze kukaa mahali. Hizi zinajengwa ili mtoto aweze kuondoka.

Masetla wenyewe walikuwa na mpango tofauti, kwa sababu wao hawakukusudia kuondoka. Serikali ya kikoloni iligawanya shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila kundi na bajeti yake, na unaweza kukisia ni bajeti gani iliyonona. Prince of Wales School ilifunguliwa Kabete mwaka 1931, na leo ndiyo Nairobi School. Iko Waiyaki Way hiyo hiyo, karibu na kwetu kiasi kwamba tukiwa wadogo tulikuwa tunasikia kelele za raga siku za Jumamosi. Alliance ilikuwa imefunguliwa miaka mitano kabla, 1926, kule Kikuyu, kwa vijana Waafrika wachache waliochujwa hadi wakachujika. Umbali kati ya shule hizo mbili si mkubwa. Ungeweza kutembea. Ni vile tu usingeruhusiwa kuingia.

Sasa, hao watoto wa masetla walilelewa na nani? Na yaya, mpishi, mtu wa ng'ombe. Wengi wao walijua Kiswahili kabla ya kujua kusoma. Lakini mazingira ya nyumba hizo yalizaa Kiswahili cha aina yake, ambacho watu walikiita Kisetla. Mwaka 1936 bwana mmoja, F. H. Le Breton, alitoa kitabu cha kukifundisha, Up-Country Swahili, na kichwa chake kirefu kinasema wazi ni cha nani: askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, pamoja na wake zao. Kiswahili kilichorahisishwa. Ngeli zimetupwa nje. Kila kitu ni "iko". Ukitaka kukanusha, unaweka "hapana" mbele ya kitenzi, basi, mimi hapana jua. Na kitenzi kinachokuhusu zaidi ni cha amri: leta, weka, ondoa, fanya haraka.

Mchezo wenyewe ni huu. Mwaka 1930 tu, miaka sita kabla ya kitabu hicho, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilikuwa zimeunda Kamati ya Lugha ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kwa hiyo mtoto Mwafrika shuleni alitakiwa aandike "mto umefurika, mito imefurika" bila kosa, na yule aliyemwajiri babake alikuwa na kitabu cha kumwambia ngeli hazina maana. Sarufi ilikuwa ya mtumishi. Bosi alikuwa na ruhusa ya kukosea.

Nilipokisoma kitabu hicho mara ya kwanza nilicheka, nikamtumia rafiki yangu picha za kurasa, naye akacheka. Halafu akaniandikia: "Lakini si hivi ndio tunaongea?" Nikanyamaza. Kitabu iko wapi. Kuja hapa. Gari iko stendi. Ukisikiliza Kiswahili cha Nairobi kwa makini, kuna vitu ndani yake vinavyofanana na Kisetla kuliko vinavyofanana na Lamu, na haishangazi, kwa sababu mji wenyewe ulijengwa na watu waliotoka kila upande na kukutanishwa na kazi, jikoni, relini, gereji na sokoni. Darasa la nne mwalimu alinichapa kwa kuandika "kuja hapa" badala ya "njoo hapa". Nilimwambia mathe ndiye husema hivyo. Akaniongeza moja.

Turudi kwa shule. Neno "kimataifa" halikuzaliwa huku, wala kwa masetla. Linatoka Geneva. Mwaka 1924 maofisa wa Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, pamoja na wale wa Shirika la Kazi Duniani, walikuwa wamehamia mji huo na watoto wao kutoka nchi mbalimbali. Wakishirikiana na mwalimu Mswisi Adolphe Ferrière, wakaanzisha shule ya kimataifa na watoto wanane, katika nyumba ya familia ya Ferrière. Wazo lao halikuwa dogo. Vita vya Kwanza vilikuwa vimemalizika juzi, mamilioni wamekufa, na watu hao waliamini kwamba mtoto aliyesoma dawati moja na mtoto wa adui hatampiga risasi akikua. Marie-Thérèse Maurette, aliyeiongoza shule hiyo kuanzia 1929 kwa miaka ishirini, alitaka watoto waanze kuijua dunia nzima kwanza, historia ya kujisifia taifa ije baadaye. Mwaka 1948 aliandikia UNESCO kijitabu akijiuliza kama kuna mbinu za kufundisha amani. Geneva hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa mtihani wa IB mwaka 1968, mtihani unaoweza kuufanyia Nairobi na ukakubalika chuo kikuu cha Ulaya au Marekani bila mtu kukuuliza umetoka wapi.

Mimi nawaheshimu watu hao, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Ni wachache walioweza kukaa chini mwaka 1924 na kuwaza hivyo. Lakini weka kalenda mbili pamoja. Shirikisho hilo hilo lilikuwa limewakabidhi Waingereza Tanganyika na Wabelgiji Rwanda na Burundi, kama mtu anavyomwachia jirani kuku wa kuangalia. Maofisa waliokuwa wakipokea ripoti za nchi hizo ndio waliokuwa wakipeleka watoto wao asubuhi kwenye shule ya amani. Dunia nzima ilikuwa kwenye ramani ya darasa. Baadhi ya watu wake walikuwa kwenye faili.

Baada ya uhuru ndipo mambo mawili haya, shule ya kutenganisha na shule ya amani, yalipokutana kwenye ardhi yetu. Tanganyika ilifuta mfumo wa shule za rangi Januari 1962. Mwaka uliofuata, 1963, International School of Tanganyika ikafunguliwa Dar es Salaam. Sisemi moja ilizaa nyingine. Nchi mpya ilihitaji mabalozi, mainjinia na madaktari, na watu hao wana watoto. Lakini angalia kilichofuata: mwaka 1967 Nyerere anatoa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kinakuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mji mmoja, asubuhi moja, watoto wa Ilala wanajifunza hesabu kwa Kiswahili na watoto wa wageni wanajifunza hesabu hizo hizo kwa Kiingereza, kwa sababu hawa wa pili baada ya miaka mitatu watakuwa Jakarta au Brasília.

Hapa Kenya, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza ubaguzi uondolewe mashuleni. Shule za Wazungu zikafungua milango, kwa wenye karo. Wageni wa aina mpya wakaanza kuja, si masetla sasa, watu wa mikataba. Desemba 1972 Umoja wa Mataifa uliamua makao makuu ya shirika lake la mazingira yawe Nairobi. UNEP ikaanzia KICC, halafu Gigiri, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Mwaka 1976 serikali za Marekani na Kanada zikaanzisha International School of Kenya, upande ule ule wa mji. Wajerumani walikuwa na yao tangu 1969. Wafaransa wana yao.

Ukitaka kujua kwa nini shule hizo zina karo ya kukuondolea usingizi, jibu si bwawa la kuogelea. Ni kwamba mara nyingi mzazi si ndiye anayelipa. Ofisa wa Umoja wa Mataifa aliyeajiriwa kutoka nje ana ruzuku ya elimu ya mtoto kwenye mkataba wake. Balozi analipiwa na serikali yake, meneja analipiwa na kampuni. Karo inawekwa kulingana na mfuko wa mwajiri, na mwajiri yuko New York au Ottawa. Mkenya anayetaka mtoto wake aingie humo anashindana na mfuko huo akiwa na mshahara wake mwenyewe. Ndiyo maana Wakenya wa humo, na sasa ni wengi, ni wale unaowajua kwa majina. Kwa hiyo geti halikuulizi rangi tena. Linakuuliza nani anakulipia.

Watafiti wana jina la watoto wanaokua hivi. Ruth Useem, mwanasosholojia wa Marekani aliyewachunguza Wamarekani waishio India miaka ya 1950, aliwaita watoto wa utamaduni wa tatu: si wa kwao, si wa wanakoishi, wa katikati. Mathe hajawahi kumsikia Useem. Yeye aliwaita "watoto wa njiani". Alisema ukiwaona wanavyocheka utadhani hawana shida, lakini kila Juni kuna mmoja anakushika sketi kwa sababu leo ni safari yake ya mwisho kwenye basi hili, na Agosti kiti chake kinakaliwa na mwingine anayelia kwa sababu ameacha mbwa wake Lima. Alikuwa anabeba pipi mfukoni kwa ajili ya Agosti. Pesa ya pipi ilikuwa yake.

Juu ya Kiswahili shuleni, haki itendeke. IB ina mtihani wa Kiswahili. Cambridge nao wana wa IGCSE. Shule nyingi za namna hii zina mwalimu wa Kiswahili, mara nyingi mwalimu mzuri sana. Lakini mtoto wa njiani anahesabu. Mama akihamishwa Dakar, Kifaransa kitamfaa, Kiswahili kitabaki kama shanga za Maasai Market. Mathe aliniambia kijana mmoja, aliyekaa Nairobi miaka sita, alimweleza kwa Kiswahili safi kabisa kwa nini ameacha somo la Kiswahili.

Kwa hiyo Kiswahili chao halisi walikipata wapi? Kwenye basi. Jikoni. Getini, wakingoja mzazi aliyechelewa, wakicheza drafti ya vifuniko vya soda na askari. Hakuna mtaala ulioandika hivyo, hakuna mtu aliyelipwa kwa hilo, na kwenye kitabu kile cha mwaka ukurasa wa mwalimu wa lugha hauna picha ya mathe.

Na hapa ndipo nilipokwama niliposoma Le Breton kwa mara ya pili. Kwa sababu ukiandika maneno ambayo watoto walijifunza kwa mathe, ni yale yale. Kaa. Ngoja. Leta. Shuka. Haraka. Kuja hapa. Orodha ya amri, na ngeli zake zikipepesuka. Ukimpa mtu karatasi hiyo bila kumwambia imetoka wapi, atasema ni Kisetla cha 1936. Tofauti ni anayesema. Wakati ule mtoto mdogo wa miaka saba angeweza kumwambia mama mtu mzima "leta" na mama akaleta. Kwenye basi la 2009 mama mtu mzima alisema "kaa" na mtoto wa balozi akakaa, halafu mtoto huyo akageuka na kumwambia mwenzake vivyo hivyo, kwa sauti yake, kwa sababu hiyo ndiyo sauti aliyoijua kuwa ya mtu mwenye mamlaka.

Nilimweleza mathe wazo hili. Nilikuwa nimelipamba vizuri, historia na kila kitu. Akasikiliza huku anachambua mboga. Akaniuliza, "Sasa ungetaka niwaambie kwa Kiingereza? Basi likifunga breki wangekuwa wameshapasuka vichwa." Halafu akasema neno ambalo yeye aliona walijifunza si hizo amri. Ni "pole". Hao watoto, alisema, kwao hawana neno la kumwambia mtu aliyeanguka bila wewe kumwangusha. Kiingereza kinamfanya mtu aombe msamaha kwa kosa ambalo si lake. Akawa anawafundisha: mwenzako ameumia, hujamuumiza wewe, mwambie pole. Mwanzoni walikuwa wanabisha. Baadaye basi zima likigonga tuta, husikii kitu ila pole, pole, pole, hadi nyuma.

Machi 2020, unajua. Tarehe 15, Jumapili, rais anatangaza shule zifungwe. Shule zetu zilikaa bila masomo hadi Oktoba kwa madarasa matatu, na Januari 2021 kwa waliobaki. Shule za wageni zilihamia kwenye kompyuta, na masomo yakaendelea. Familia nyingi ziliondoka kabla anga halijafungwa. Basi halihitaji mtu likiwa limeegeshwa. Mathe na wenzake hawakuwa wameajiriwa na shule moja kwa moja, kulikuwa na kampuni ya mkataba katikati, hata yeye aligundua vizuri siku hiyo. Ujumbe ulikuja kwa simu: mistari mitatu, kwa Kiingereza, unaanza na jina lake limekosewa herufi. Miaka 17. Hiyo kampuni nayo sitaitaja, japo nimejaribiwa.

Alikaa wiki mbili akiamka saa kumi. Anapika chai, anaweka kwenye thamosi, anakaa.

Mwezi wa tano ndiyo ikaja sauti kwenye WhatsApp. Mzazi mmoja aliyekuwa na namba yake, wamerudi kwao, mbali, bara Asia. Alikuwa ameandika salamu fupi, na chini yake sauti ya mtoto wake, sekunde 40 hivi. Mathe hakujua kuifungua, akanipigia, nikavuka mji na barakoa yangu. Tukakaa mlangoni tukaisikiliza. Mtoto alisalimia. Akasema mbwa yuko sawa. Akasema mamake analia usiku. Akasema amemwambia pole. Halafu kukawa kimya kidogo, ukasikia kama anavuta pumzi, akauliza: "Mama Basi, basi iko wapi?"

Mathe akacheka mpaka akatoa kitambaa. Akaniambia nimshikie simu, nibonyeze pale pa kurekodi, nisiachilie. Akasogeza mdomo karibu sana, kama wanavyofanya watu wa umri wake, akasema kwa sauti ya saa kumi na mbili asubuhi:

"Basi iko, mwanangu. Ni sisi ndio hatuko. Umekula?"

Nilikuwa nimeachilia mapema. Ilibidi arudie.